Damu ya Mfalme Nje ya Ndoa: Mabinti wa Ulaya Katika Karne ya 16 na ya 17

Kiswahili humwita mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa mwana wa haramu, na kwa jina hilo kosa la wazazi huwekwa begani mwa mtoto. Kifaransa nacho kina neno kali, bâtarde, na neno la upole, fille naturelle. Katika makala haya tutaeleza jinsi mabinti wa wafalme wa Ulaya walivyoishi kati ya majina hayo mawili.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba kwa kawaida mabinti hao hawakuweza kurithi kiti cha enzi. Kilichoongoza maisha yao ni kutambuliwa na baba. Baadhi waliingizwa katika nyumba za watawa. Wengine waliozwa kwa faida ya ufalme.

Tumtazame Marguerite de Parme, aliyezaliwa mwaka 1522 huko Flandre. Baba yake alikuwa Charles Quint, kaisari na mfalme wa Hispania. Mama yake, Johanna van der Gheynst, alikuwa mtumishi. Mtoto alilelewa Bruxelles, mbali na mama yake, akatambuliwa rasmi mwaka 1529. Mwaka 1536 aliozwa kwa Alessandro de' Medici, mtawala wa Florence, ambaye aliuawa Januari 1537. Basi Marguerite akawa mjane kabla hajatimiza miaka 15. Mwaka 1538 baba yake alimwoza tena, kwa Ottavio Farnese, mjukuu wa Papa Paulo III, ingawa mwenyewe hakupenda. Hata hivyo, binti huyu aliyenyimwa hiari alitawala Nchi za Chini kutoka Bruxelles tangu 1559 hadi 1567, kwa niaba ya ndugu yake, Philippe II.

Ufaransani, Louis XIV aliwahalalisha watoto wake kwa hati. Mwaka 1692 alimwoza Françoise-Marie kwa mpwa wake mwenyewe; Saint-Simon asimulia kwamba mama wa bwana arusi alimpiga mwanawe kofi mbele ya watu kwa kuikubali ndoa hiyo. Tena, mfalme alipotoa amri ya mwaka 1714 ya kuwapa watoto hao haki ya kiti, aliwapa wana wa kiume tu.

Kwa ufupi, kutambuliwa hakukuwa uhuru. Uharamu wa binti ulisahauliwa alipohitajiwa, ukakumbukwa urithi ulipogawanywa.