KIASI CHA BUNDUKI: UCHAGUZI WA RISASI KATIKA UWINDAJI WA AYALA

0. Utangulizi

Neno risasi lina maana tatu katika Kiswahili. Kwanza ni madini, yaani ile metali laini na nzito ambayo wanakemia huiandika Pb. Hiyo ndiyo maana ya asili, kwa kuwa neno lenyewe latokana na Kiarabu. Pili ni kile kipande kirukacho kutoka katika mtutu na kumpiga mnyama. Tatu ni kitu kizima kitiwacho ndani ya bunduki. Lugha za jirani zina neno la namna hiyo hiyo: Kilingala husema lisasi, wingi wake masasi, Kinyarwanda husema isasu, wingi wake amasasu.

Katika mazungumzo ya kila siku mchanganyiko huo haudhuru. Lakini mtu anapotaka kueleza jinsi mwindaji achaguavyo risasi, utata hutokea mara moja: kuchagua kitu kizima si sawa na kuchagua kipande, na siku hizi hata madini yenyewe yamekuwa jambo la kuchaguliwa. Makala haya yanaeleza uchaguzi huo kwa mfano wa uwindaji wa ayala huko Marekani na Ulaya. Kitu kizima kitaitwa hapa kiasi, kwa kufuata kamusi za zamani zilizokiita kiasi cha bunduki. Kipande kirukacho kitaitwa kichwa. Nalo jina la risasi litaachiwa madini.

1. Mnyama anayewindwa

Ayala si kulungu, ijapokuwa watafsiri wengi huwachanganya. Kulungu, kama swala na paa, ana pembe za kudumu. Ayala dume huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili, na wasomaji wengi wa Kiswahili wamelikuta jina lake katika Biblia tu.

Aina za ayala hutofautiana mno kwa ukubwa. Yule mdogo wa Ulaya, ambaye Wafaransa humwita chevreuil, ana uzito wa kilo 20 hadi 30. Ayala mwekundu, yaani cerf, dume lake laweza kupita kilo 150. Ayala mwenye mkia mweupe, anayewindwa sana Marekani, yuko katikati: madume mengi yana kilo 60 hadi 130.

Kwa aina zote shabaha ni moja, nayo ni moyo na mapafu. Kwa ayala mwenye mkia mweupe, mahali hapo pana upana wa sentimita 20 hivi, kadiri ya sahani ya chakula. Kichwa kikipita hapo, damu hukosekana katika ubongo, na mnyama huanguka papo hapo au baada ya kukimbia makumi machache ya mita. Kikipita tumboni au kikivunja mguu, mnyama hutoroka na kufa baada ya saa nyingi, mara nyingi pasipo kuonekana tena. Mnyama ameteseka, nyama imepotea, na mwindaji amerudi mikono mitupu. Maswali yote ya uchaguzi yamezaliwa na hofu ya jambo hilo.

2. Nguvu ya kiasi

Kiasi kina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na gesi ya baruti hukisukuma kichwa nje. Nguvu ya kichwa hicho ni nusu ya tungamo lake mara kasi yake mraba. Kwa hiyo kuongeza tungamo mara mbili huongeza nguvu mara mbili, lakini kuongeza kasi mara mbili huiongeza mara nne.

Mifano minne yatosha. .30-30 Winchester, iliyotolewa mwaka 1895, hurusha kichwa cha gramu 9,7 kwa kasi ya mita 728 hivi kwa sekunde. Nguvu yake mdomoni mwa mtutu ni jouli 2.570. .308 Winchester ya mwaka 1952 hurusha kichwa cha tungamo lilo hilo kwa mita 860, na nguvu hupanda hadi jouli 3.590. .243 Winchester ya mwaka 1955 ilipatikana kwa kulibana shingo ganda la .308, kichwa chake cha gramu 6,5 hukimbia mita 900, kwa jouli 2.630. .30-06, iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, hurusha gramu 11,7 kwa mita 823, kwa jouli 3.960.

Sheria za nchi kadhaa zimeweka mpaka wa chini. Katika Uingereza, sheria ya ayala ya mwaka 1991 yadai, kwa aina zilizo kubwa, upana wa kichwa usiopungua milimita 6,1 na nguvu isiyopungua jouli 2.305 mdomoni mwa mtutu. Ujerumani hupima mahali pengine: si mdomoni, bali umbali wa mita 100. Kwa ayala mdogo yatosha jouli 1.000, kwa mwekundu zatakiwa jouli 2.000, na upana usiopungua milimita 6,5. Hivyo .243, yenye upana wa milimita 6,2, yaruhusiwa kwa ayala mwekundu Uingereza, na kwa ayala huyo huyo yakatazwa Ujerumani. Tofauti hiyo yatosha kuonyesha kwamba hakuna tarakimu moja inayotenganisha kiasi kinachofaa na kisichofaa.

3. Kichwa

Nguvu peke yake haiui. Yategemea jinsi kichwa kinavyoitumia. Kichwa cha uwindaji kina ncha laini au yenye tundu. Kinapoingia mwilini hufunguka kama uyoga, hupata upana wa karibu mara mbili, na hufanya jeraha pana katika mapafu. Kichwa cha kivita, kilichofunikwa chote kwa metali ngumu, hakikusudiwi kufunguka. Chaweza kupita upande wa pili na kuacha tundu jembamba, huku mnyama akizidi kukimbia.

Hapa pana jambo la kushangaza. Tamko la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vichwa vinavyofunguka visitumiwe vitani, kwa sababu ya ukatili wa majeraha yake. Sheria ya Uingereza, kinyume chake, yaamuru vichwa hivyo hivyo kwa ayala. Msomaji wa Kongo, ambaye masikioni mwake neno risasi huita vita kabla ya uwindaji, aweza kuona kwamba mantiki hazipingani. Vitani yadaiwa kwamba kumwondoa askari katika mapigano kwatosha, bila kumzidishia maumivu. Kwa mnyama, huruma yenyewe yadai kifo cha haraka.

Hata hivyo kila kichwa hufunguka ndani ya mipaka fulani ya kasi. Kilicho laini mno, kikimpiga mnyama kwa karibu na kwa kasi kubwa, huvunjika-vunjika juu ya mfupa wa bega kabla ya kufika mapafuni. Kilicho kigumu mno, kikifika mbali kimepungukiwa na kasi, hakifunguki. Ndiyo maana wawindaji wawili wenye kiasi cha jina moja waweza kupata matokeo mbalimbali.

4. Masafa na bega

Katika misitu ya mashariki ya Marekani, ayala wengi hupigwa chini ya mita 100. Huko .30-30 imetosha tangu karne ya kumi na tisa. Bunduki zake nyingi hupanga viasi kimoja nyuma ya kingine ndani ya bomba, kwa hiyo vichwa hufanywa butu, kusudi ncha ya kimoja isigonge fataki ya kilicho mbele yake. Ubutu huo hupunguza kasi upesi. Bunduki iliyorekebishwa kwa mita 100, ikipiga mita 200, kichwa cha .30-30 hushuka zaidi ya sentimita 20, yaani chaweza kukosa kabisa ile sahani, cha.308 chenye ncha kali hushuka sentimita 10 hivi. Katika milima iliyo wazi ya Uskoti au nyanda za magharibi ya Marekani, tofauti hiyo ndiyo inayoamua.

Lakini nguvu ina bei yake. Kadiri kichwa kinavyosukumwa mbele, ndivyo bunduki inavyopiga teke nyuma. Mpigaji aliyeumizwa bega huanza kufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua, na shabaha humponyoka. Kwa hiyo wanaoanza hushauriwa mara nyingi kutumia .243: kichwa chepesi kilichofika mapafuni chafaa kuliko kizito kilichofika tumboni.

5. Risasi isiyo na risasi

Jambo la mwisho ni madini yenyewe. Kichwa cha risasi kinapofunguka huacha chembe ndogo katika nyama na matumbo, nayo risasi ni sumu. Huko California, kondori, ndege mkubwa mla mizoga, alikuwa amebaki 22 tu mwaka 1982, na sumu hiyo ilihesabiwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vyake. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2013, na tangu Julai 2019 uwindaji wote humo hutumia vichwa visivyo na risasi.

Badala yake hutumika zaidi shaba, madini ambayo msomaji wa Katanga hahitaji kufafanuliwa. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha ukubwa ule ule hupungua tungamo, nacho huhitaji kasi zaidi ili kifunguke. Uskoti ilitambua hilo mwaka 2023, ikashusha tungamo la chini kwa ayala wakubwa kutoka gramu 6,5 hadi 5,2.

6. Hitimisho

Mchagua jembe si mkulima, na mabishano juu ya majina ya viasi hayamuui ayala. Anayechagua vema huanza na mnyama na umbali, hufuata kichwa, halafu bega lake mwenyewe. Jina lililochongwa kitakoni mwa ganda huja mwisho. Wazee wa kamusi walipokiita kitu hicho kiasi walikusudia kipimo cha baruti, lakini jina hilo lafaa kuliko walivyodhani: kisichotosha hujeruhi, kilichozidi humshtua mpigaji, na kati ya hivyo viwili hupatikana kifo cha upesi, ambacho mwindaji anawiwa na mnyama wake.