Gari limegongwa, aliyegonga hajulikani: Nani atalipa?

Wanaoegesha magari kando ya Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa, wanaijua hasara hii. Asubuhi mtu hukuta kioo cha pembeni kinaning'inia au mlango umebonyea, na aliyegonga keshatoweka. Katika njia nyembamba kama zile, ambako magari, tuktuk na mikokoteni hupishana kwa taabu, dereva huweza kugonga akaenda zake bila kujua. Wengine, hapana shaka, hujua.

Je, bima italipa? Hutegemea ni bima gani.

Sura ya 405 ya Sheria za Kenya humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Wengi hudhani kwamba stika hiyo huwakinga wao. Sivyo. Kinacholazimishwa na sheria ni fidia kwa watu wengine wanaojeruhiwa au kuuawa na gari lako. Bati lako halimo. Na maadamu aliyekugonga hajulikani, huna wa kumshtaki wala kampuni yake ya kuiendea.

Nchini Uingereza kuna taasisi ya kampuni za bima, iliyoundwa mwaka wa 1946, ambayo hufidia waathiriwa wa madereva wasiojulikana. Hazina ya kuwafidia wenye bima iliyopo Kenya ni jambo jingine: huwasaidia wateja wa kampuni za bima zilizoporomoka.

Mwenye afueni ni aliyekata bima kamili. Hata hivyo, kwa kawaida hujilipia sehemu ya kwanza ya hasara kama mkataba unavyosema, na huenda akapoteza punguzo la ada wanalopewa wasiodai. Kwa kioo kimoja, pengine ni nafuu kukinunua.

Anayeamua kudai asikimbilie gereji. Apige picha, aripoti kituo cha polisi ili apewe abstrakti, kisha aijulishe kampuni mara moja. Gari likitengenezwa kabla ya mkaguzi kuliona, dai huweza kukataliwa.

Awaulize pia wenye maduka na walinzi wa usiku, kwani nambari ya usajili ikipatikana mambo hubadilika. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka dereva aliyehusika katika ajali kusimama na kujitambulisha, la sivyo aripoti kwa polisi katika muda wa saa 24. Mwenye gari naye anaweza kumfikisha katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni.