Msumeno Usiokata Ngozi

Ashukaye Masimba katika matatu ya Kayole, asubuhi ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Nairobi haijaamua kuondoka na mawingu yamelala chini mithili ya kifuniko cha sufuria, kisha akapita baina ya wauza mitumba na wakaanga mandazi mpaka akafika katika kiwanja cha mafundi kisicho na mti wala paa la kuzuia jua litakapotoka, atasikia sauti moja ngeni miongoni mwa sauti azijuazo. Nyundo ataitambua, na grainda ataitambua hata akiwa baidi, maana kilio chake hakina haya. Lakini hii ya tatu ni mvumo wa nyuki waliofungiwa katika mtungi, haupandi wala haushuki, nao ulikuwa ukitoka uvunguni mwa gari langu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, ambalo watu wa Kenya walilizoea kwa jina la Pijo. Lilionyeshwa Paris kwa mara ya kwanza mwaka 1968, likatunukiwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na katika mashindano ya Safari likashinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson na mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Langu halikushinda chochote. Lilibeba abiria, magunia ya mahindi na, kwa ushahidi wa harufu iliyobaki, mbuzi wengi. Ila lina jambo moja la kimaumbile ambalo linafanana na ndugu zake wote mashuhuri, nalo ni kwamba halina chesisi ya kujitegemea kama ya lori: sakafu, kuta za pembeni na mabawa ya magurudumu, vyote vikiwa vimefumwa kwa mabati ya chuma yenye unene wa takriban milimita moja tu, ndivyo mifupa yake. Sakafu ya lori ikioza, abiria hulowa miguu. Sakafu ya Pijo ikioza, gari lenyewe limevunjika uti wa mgongo, hata kama rangi ya juu inang'aa kama kioo cha kinyozi.

Kwa hiyo waliounda magari ya namna hii waliona ni wajibu kuupaka uvungu dawa ya kuukinga na mawe, matope na maji, na kupunguza kelele za barabara. Sisi tuliolelewa pwani hatukuhitaji kufundishwa jambo hilo. Wazee wetu walikuwa na deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, iliyopakwa chini ya jahazi likiisha kupandishwa ufukoni wakati wa maji kupwa, ili wadudu wa bahari watoboao mbao wasipate mahali pa kuingilia. Na madhali deheni huchakaa, chombo kilipandishwa tena na tena, kikakwanguliwa, kikapakwa upya. Hapakuwa na nahodha mwenye akili aliyedhani kwamba deheni ya msimu huu ingemfaa mjukuu wake. Wenye magari waliiga dawa bila ya kuiga ada. Walipaka lami, na baadaye lami iliyotiwa mpira, wakalisukuma gari barabarani, na tangu siku hiyo hapana aliyeinama kulitazama ila siku ya kuliuza.

Nayo lami haikuumbwa idumu milele. Ikiwa mpya hunyumbuka. Miaka ikipita, mafuta mepesi yaliyomo hupotea, hewa huigeuza tabia, ikawa kavu, ikafanya nyufa nyembamba kama za kisigino cha mkulima. Maji huingia kwa ufa, na kutoka hayawezi, kwa sababu kile kilichowekwa kuyazuia yasiingie sasa kinayazuia yasitoke. Hapo ndipo chuma, maji na oksijeni hukutana faraghani na kufanya kutu. Na kutu, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, huiinua lami polepole kama andazi lililoiva ndani. Fauka ya hayo, Kayole imejaliwa udongo mweusi wenye hulka ya kunywa maji na kuvimba, ambao ukijishindilia nyuma ya gurudumu hukaa mbichi siku nyingi baada ya mvua kwisha. Nje huoni kitu, unaona weusi tu. Aliyeniuzia gari hili alikuwa amepaka lami mpya juu ya ile kuukuu muda mfupi kabla ya kunikabidhi funguo. Niliinama, nikaona uvungu unang'aa, nikaridhika kama ambavyo wengi wameridhika kabla yangu, na nikalipa.

Kuiondoa lami hiyo ni kazi ambayo mafundi wetu wa jua kali wameifanya kwa miaka mingi kwa patasi, nyundo na kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, na mwenye subira akiwa na siku kumi na mgongo usiouma atafika. Wenye haraka hutumia moto. Moto huilainisha lami, hiyo ni kweli, lakini uvungu wa gari ndimo lipitamo bomba la petroli, na juu ya bati hilo hilo, upande wa pili, kuna zulia na nyaya. Na lami yenyewe ikizidiwa na moto haiyeyuki tena, huwaka. Nisiseme mengi juu ya hilo.

Baada ya moto, akili ya fundi huenda kwa grainda, mtambo uliotoka Ujerumani mwaka 1954 katika kiwanda cha Ackermann na Schmitt, kwa jina la biashara la Flex, jina ambalo Wajerumani mpaka leo huiitia grainda yoyote. Ile ndogo ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 kwa dakika, maana yake ncha ya kisahani chake huenda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 230 kwa saa, mwendo ambao Pijo yangu haikuuota hata ilipotoka kiwandani. Ifungwe brashi ya waya, iguse lami, uone. Msuguano huzaa joto, joto huilainisha lami, lami laini hupakazwa juu ya chuma kama siagi juu ya mkate na iliyobaki hurushwa, hata mwisho wa saa nzima fundi hugundua kuwa hakuiondoa lami bali ameihamisha, kutoka uvunguni mwa gari hadi usoni mwake. Nyuzi za brashi nazo hukatika, zikaruka kama sindano. Mahali ambapo chuma kimeliwa na kutu kikabaki nusu ya unene wake, mkono ukizembea kitambo kidogo, palipokuwa na bati pana tundu.

Sababu ya ubishi huu wa lami yapatikana mbali sana na Kayole. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, huko Brisbane, Australia, mwalimu wa fizikia aitwaye Thomas Parnell alimimina lami ya moto ndani ya faneli ya kioo mwaka 1927, akaiacha itulie miaka mitatu, kisha mwaka 1930 akaikata ncha ya faneli ili aone kama itatiririka. Ilitiririka. Tangu siku ile mpaka tone la mwaka 2014 yamedondoka matone tisa tu. Na lami ya namna hiyo hiyo, ukiipiga nyundo, huvunjika vipande kama kioo. Basi lami ni kiumbe mwenye nyuso mbili: ukiisukuma polepole hukwepa, ikanata, ikajifanya uji, ukiigonga kwa ghafula hukusimamia kama jiwe, na jiwe lina hasara ya kupasuka. Kisu cha fundi kinachosukumwa kwa mkono huiendea kwa upole, nayo humpa uji. Grainda huiendea kwa kasi, lakini huipa na joto, na joto huurudisha uji ule ule. Kinachotakiwa ni kitu cha kuigonga mara nyingi, kwa ghafula, kwa masafa madogo, bila ya kuipasha moto.

Kitu hicho kilibuniwa kwa ajili ya mifupa ya watu. Daktari mmoja wa mifupa wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, Homer Stryker, alichoshwa na namna plasta za wagonjwa zilivyokatwa kwa mikasi na visu huku mgonjwa akitetemeka kwa hofu ya nyama yake, akafanya msumeno wa umeme ambao wembe wake hauzunguki: huenda kushoto na kulia masafa madogo sana, kwa haraka isiyoonekana kwa jicho. Alipata hataza yake mwaka 1947. Mwenye kupata kuvunjika mkono akafunguliwa plasta hospitalini anaukumbuka, na anakumbuka jinsi daktari alivyouweka juu ya kiganja chake mwenyewe ili kumtoa hofu mtoto. Plasta ni ngumu, haiwezi kufuata wembe, basi hukatika. Ngozi ni laini, huenda na wembe na kurudi nao, basi husalimika, maadamu wembe haujapata moto na daktari hauburuti. Kampuni ya Fein ya Ujerumani, ile ile iliyotoa keekee ya mkono ya umeme mwaka 1895, iliichukua hila hiyo ikaiingiza katika karakana. Na hataza zilipokwisha muda viwanda vingine vikaiga, bei ikashuka, mpaka leo fundi wa Kayole anao mtambo huo katika kisanduku chake, ameufungia wembe usio na meno, mpana kama vidole vitatu, unaofanana na kisu cha kupakia pati. Huenda na kurudi hata mara 20,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 300 katika sekunde moja, nao hautembei ila nyuzi 3 hivi za duara.

Nilipoomba kujaribu, kijana aliyekuwa akiuvumisha uvunguni mwa gari langu alinipisha, akaketi juu ya tairi na kunitazama. Nililala chali juu ya katoni, gari likiwa limepandishwa juu ya stendi nne, maana jeki peke yake si kitu cha kukabidhiwa kichwa cha mtu, nikaugusisha wembe na kuusukuma kwa nguvu zangu zote kama mtu apalilaye.

"Mzee, usisukume," alisema. "Ukisukuma inalala. Ilaze wembe, halafu wacha ijifanyie kazi."

Nikaulaza hata ukawa karibu sambamba na bati, nikalegeza mkono. Ndipo lami ilipoanza kutoka, si kwa kumenyeka bali kwa kupasuka, vipande vyembamba ukubwa wa kucha, vikilia kidogo kila kimoja kilipoachia chuma na kuniangukia kifuani. Ilikuwa saa mbili na nusu, na bati lilikuwa baridi kama kaburi. Kufikia saa saba jua lilikuwa limepasua mawingu, uwanja umepata moto, na lami ile ile ikaanza kuuzinga wembe kama ugali juu ya mwiko; yule kijana, bila ya kuambiwa, akauzima mtambo, akaupangusa kwa mafuta ya taa, akaenda kufungua kabureta ya gari jingine. Asubuhi ni ya uvungu, mchana ni wa mambo mengine. Ulaya wako mafundi wanunuao barafu kavu ya nyuzi 78 chini ya sifuri ili kuigandisha lami ipasuke. Yeye hutumia mwezi wa Julai.

Kuna fadhila nyingine ya vipande hivyo, kwamba huanguka chini badala ya kuelea hewani. Baadhi ya lami za miongo ile zilitiwa nyuzi za asbesto, na rangi zilizo chini yake huenda zina risasi, na vumbi la vitu hivyo likiingia mapafuni halina njia ya kurudi. Grainda hulifanya vumbi liwe wingu. Hata hivyo nilinunua barakoa mbili zenye kichungi, si za kitambaa, na miwani. Kijana alicheka, akavaa. Jioni tuliunyunyizia uwanja maji kabla ya kufagia, na kila sehemu iliyokuwa wazi ikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwani chuma kilicho uchi hakihimili manyunyu ya usiku mmoja.

Siku ya tatu, chini ya kiti cha dereva, mvumo ulibadilika. Ulikuwa mzito, ukawa mwembamba, unalia kama upatu wa mtoto. Fundi akauondoa mtambo, akagonga kwa kifundo cha kidole, akarudia tena. Lami ilipotoka tukaona herufi tatu za jina la mafuta ya kupikia na nusu ya ua la alizeti: kipande cha debe, kilichopigiliwa ribiti pande zote, kikafunikwa weusi, na nyuma yake tundu linalopitisha kiganja changu na saa yake.

Stima ikapotea wakati huo huo, na uwanja mzima ukanyamaza. Kijana alichukua patasi, akazing'oa ribiti moja moja kwa hadhari hata kipande kikatoka kizima, akakinyoosha gotini, akakilaza juu ya bati jipya na kukitafuta mfukoni kipande cha chaki.

"Huyu aliyekata hii," alisema huku akiufuatisha ukingo wake, "alipima vizuri sana."