Mmepo wa Kijapani, Mti wa Kivulini

Mmepo wa Kijapani, uitwao Acer palmatum kwa jina la kitaalamu, ni mti mdogo wenye majani yaliyogawanyika mithili ya vidole vya mkono, ambao kwa asili huota katika misitu ya Japani na Korea, chini ya miti inayouzidi urefu. Carl Peter Thunberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyekuwa Japani mwaka 1775 na 1776, ndiye aliyeupa jina hilo, ingawa Wajapani walikuwa wakipamba nao bustani zao muda mrefu kabla yake. Makazi hayo ya kivulini ndiyo yanayoeleza karibu kila sharti la utunzaji wake, na mtunzaji anayeyasahau huishia kuutibu mti maradhi usiyokuwa nayo.

Mizizi yake haizami sana, bali hutandaa karibu na uso wa ardhi, katika tabaka la majani yaliyooza ambalo hubaki na unyevu bila kutuamisha maji. Kwa hiyo huufaa udongo wenye mboji, unaopitisha maji na wenye tindikali kidogo, uliofunikwa kwa matandazo yasiyogusa shina, kwani gome linaloshinda na unyevu huoza.

Dalili inayowahangaisha wengi ni majani kukauka kuanzia nchani na kingoni katikati ya kiangazi. Mara nyingi hali hiyo si ugonjwa. Jua la mchana na upepo mkavu hulipokonya jani maji upesi kuliko mizizi inavyoweza kuyarudisha. Hata hivyo, dawa yake si kumwagilia bila kipimo, maana udongo uliotota hukosa hewa, mizizi huoza, na mti huonyesha dalili zilezile za kiu ilhali umesimama majini, jambo ambalo humshawishi mtunzaji kuongeza maji zaidi. Kidole kikichomekwa udongoni hutoa jibu la kuaminika kuliko jani lenyewe. Ugonjwa wa kuogopwa hasa ni mnyauko wa vertisilia, unaoletwa na kuvu wa udongoni anayeziba mirija ya kupandisha maji: tawi moja hunyauka ghafla huku mengine yakiwa mazima, na likikatwa mshazari, mara nyingi huonekana michirizi myeusi ndani yake. Hauna dawa ya kuuponya. Hubaki kulikata tawi hilo na kusafisha msumeno kwa spiriti.

Mmepo huhitaji pia baridi. Siku zinapofupika, umbijani, yaani kemikali ya kijani inayonasa nishati ya jua, huvunjwavunjwa, na jani hutengeneza anthosianini, rangi nyekundu inayokolea mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi; kisha majani hupukutika na mti huingia katika bwete, kipindi cha kusimamisha ukuaji. Bila bwete hiyo machipukizi hayafunguki ipasavyo, ndiyo maana joto la mwambao wa Afrika Mashariki haliufai.

Mbegu huota zikikaa kwanza katika baridi na unyevu kwa takriban miezi 3 hadi 4, lakini miche yake hutofautiana na mama. Kwa sababu hiyo aina mashuhuri, kama vile Bloodgood yenye majani mekundu, huzalishwa kwa kubebesha, yaani kuunga kikonyo cha aina inayotakiwa kwenye shina la mche wa kawaida. Chipukizi lolote linaloota chini ya kiungo hicho ni la mche wa kawaida, nalo halina budi kuondolewa mapema, kwani huwa na nguvu zaidi na likiachwa huweza kuimeza aina iliyonunuliwa kwa gharama.