Mwandishi na Mkataba Wake

Babu yangu alitunga kitabu, akakiuza kwa mchapishaji kwa malipo ya mara moja. Kikachapwa tena na tena, naye hakupata senti nyingine. Nilipoingia kidato cha kwanza alikinunua dukani ili anipe.

Wenzangu mtamanio kutunga, yafaa tujue tofauti. Auzaye hakimiliki ameuza mnazi pamoja na nazi zake. Apokeaye mrabaha hulipwa sehemu ya bei kwa kila nakala iuzwayo. Katika Tanzania Bara, sheria ya mwaka 1999 huilinda hakimiliki muda wa maisha ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Siku hizi vitabu husomwa hata katika simu, tena husikilizwa. Basi mkataba utaje kila namna peke yake. Soma kwanza, ndipo utie sahihi.