Mlezi wa Utafiti si Askari

Wengi wetu tukipewa mwalimu wa kutusimamia katika mradi wa maonyesho ya sayansi, humkimbia kama panya aliyeona paka. Kisha siku mbili kabla ya mashindano twabisha mlangoni ati, "Mwalimu, tusaidie!" Atusaidie na nini jamani? Nami nilikuwa mmoja wao.

Mwaka jana, tukiwa kidato cha tatu, mimi na mwenzangu tulichunguza jinsi mbegu za mlonge zinavyosafisha maji ya mto. Unga wake una protini inayovuta chembe za tope, zikashikamana na kutuama chini. Tulitia unga kidogo katika chupa ya kwanza, tukawa tunaongeza katika kila iliyofuata. Kumbe! Chupa yenye unga mwingi zaidi haikutakata. Mwenzangu akashika kifutio. Wallahi, hata mimi nilitaka aifute hiyo namba, mwalimu asituone wajinga.

Lakini mficha uchi hazai. Tulimpelekea daftari vile lilivyo. Yeye alishuku hatukuosha chupa. Badala ya kubishana, tuliomba turudie. Mara tatu, jibu ni lile lile! Akaenda kupekua vitabu, akarudi akicheka: "Nimekosea mimi. Unga ukizidi, chembe huanza kusukumana tena." Hicho ndicho kikawa kiini cha mradi wetu.

Siku hiyo alitusimulia habari za Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1967 aliona alama ndogo ya ajabu katika karatasi za darubini ya redio. Msimamizi wake, Antony Hewish, alidhani imesababishwa na mitambo ya binadamu. Bell hakununa, aliendelea kupima, na ikagunduliwa aina mpya ya nyota, pulsa. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya 1974 ilimtaja Hewish, Bell akaachwa nje.

Basi ndugu yangu, agana na mlezi wako siku na saa, nawe ufike. Usiende mikono mitupu: beba daftari, yaliyofaulu na yaliyoharibika. Uliza swali moja linaloeleweka. Akikosea, mwonyeshe kwa heshima na kwa ushahidi. Na mapema kabisa, andikeni nani amefanya kazi gani.

Kila la heri katika maonyesho yajayo!