Utambuzi wa Limfohistiositosisi ya Hemofagositi kwa Waliopandikizwa Figo: Mazingatio kwa Mkoa wa Tabora

1.0 Utangulizi

Upandikizaji wa figo ulianza nchini Tanzania Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2018 ukaanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Aliyepandikizwa hurejea kwao akiendelea na dawa za kufifisha kinga ya mwili. Kwa mkazi wa Tabora, homa inayozuka miezi kadhaa baadaye inaelekea kuonwa kwanza na tabibu wa mkoani, si na timu iliyompandikiza. Makala haya yanafafanua utambuzi wa ugonjwa mmoja adimu unaoweza kujificha ndani ya homa hiyo: limfohistiositosisi ya hemofagositi, ambayo kifupisho chake cha kimataifa ni HLH. Usipotambuliwa mapema, ugonjwa huu huua.

2.0 Dhana ya ugonjwa

Kwa kawaida, seli T na seli uaji asilia huangamiza seli zilizoambukizwa, kisha kinga hutulia. Katika HLH haitulii. Seli T humimina saitokini bila kikomo. Saitokini huchochea makrofaji, nazo humeza chembe za damu katika uboho, wengu na ini.

Huenda ikashangaza kwamba kinga iliyofifishwa huweza kuchachamaa kiasi hicho. Ikumbukwe kuwa dawa hizo haziizimi kinga yote, bali hupunguza uwezo wake wa kumaliza maambukizi. Kichocheo hubaki mwilini, na mwitiko hukosa mwisho. Miongoni mwa vichocheo ni virusi vya saitomegalo, virusi vya Epstein-Barr, kifua kikuu, kuvu wa histoplazima na limfoma.

3.0 Vigezo na mipaka yake

Vigezo vya HLH-2004, vilivyoandaliwa kwa ajili ya watoto, ni 8, na 5 hutosha kuthibitisha ugonjwa: homa, kuvimba wengu, kupungua kwa angalau aina 2 za chembe za damu, trigliseridi kupanda au fibrinojeni kushuka, makrofaji zilizomeza chembe za damu, feritini ya mikrogramu 500 au zaidi kwa lita, utendaji hafifu wa seli uaji asilia, na kupanda kwa CD25 mumunyifu.

Kwa aliyepandikizwa figo, karibu kila kigezo kina maelezo mbadala. Maikofenoleti na azathayoprini hupunguza chembe za damu. Steroidi na saiklosporini hupandisha trigliseridi. Feritini hupanda kwa walioongezewa damu mara nyingi au wenye figo dhaifu. Tabora, ambako malaria imeenea, wengu uliovimba huweza kuwa wa siku nyingi. Aidha, kipimo chanya cha malaria hakiiondoi HLH, kwa kuwa malaria yenyewe huweza kuichochea.

Alama za HScore, zilizochapishwa mwaka 2014, zilitungwa kwa watu wazima. Jumla inayozidi 169 huashiria HLH. Hata hivyo, aliyepandikizwa huanza na alama 18 kwa sababu tu kinga yake imefifishwa.

4.0 Utambuzi kwa mfuatano

Kwa hiyo, mwelekeo wa vipimo una uzito kuliko kipimo kimoja. Homa isiyokoma baada ya tiba sahihi ya malaria au ya bakteria, pamoja na chembe sahani zinazoshuka siku hadi siku, ni sababu ya kupima feritini, trigliseridi, fibrinojeni na vimeng'enya vya ini, kisha kuvirudia. Feritini inayopanda kwa kasi wakati fibrinojeni inashuka haielezeki kwa athari za dawa pekee. Uchunguzi wa uboho husaidia pia kutafuta kifua kikuu na limfoma; kutoonekana kwa makrofaji zilizomeza chembe hakukanushi ugonjwa.

5.0 Hitimisho

Utambuzi haujakamilika kabla ya kichocheo kutafutwa. Kuacha maikofenoleti kwa dhana ya athari za dawa huhatarisha figo. Kuongeza steroidi bila kuchunguza huweza kuficha limfoma au kuchochea kifua kikuu. Hata kifua kikuu kikithibitishwa, rifampisini hushusha kiwango cha takrolimasi katika damu. Mashauriano na kituo kilichopandikiza yanapaswa kuanza pale HLH inaposhukiwa, bila kungoja vigezo 5 vitimie.